Safari Isiyo na Haraka Huanzia kwenye Ratiba Inayoaminika

Baba yangu ana umri wa miaka 75. Akiwa kijana wa miaka 21 alibeba mataruma na kuchanganya zege katika kambi za ujenzi wa Reli ya Uhuru, kati ya Mlimba na Makambako, mahali ambapo milima iliwalazimisha wajenzi kutoboa handaki moja baada ya jingine. Kabla reli haijafika mpakani, babu yangu alifariki, naye akarudi nyumbani kuzika na kushika jembe. Wenzake waliendelea hadi Zambia. Mapema mwaka huu, tukiwa tumeketi barazani baada ya chakula cha jioni, aliniuliza: "Hivi mwanangu, ile reli yetu inaishia wapi?"

Jibu analijua. Jina la Kapiri Mposhi nimelisikia kinywani mwake tangu utoto wangu. Hakuwa akiuliza jiografia. Alikuwa akiuliza kama nitampeleka.

Tukaanza kupanga. Bintiyangu, aliyeko kidato cha pili, aliichukua kazi hiyo kwa ari yote ya umri wake. Baada ya siku mbili alituwekea mezani karatasi yenye siku tisa: Dar es Salaam, Mbeya, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone kuyaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, kisha kurudi mbio kabla shule hazijafunguliwa. Kila siku ilikuwa na saa zake na kila saa ilikuwa na kazi yake. Baba aliisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema: "Mjukuu wangu, umepanga vizuri sana. Sasa humo ndani mimi nitalala lini?"

Tulicheka, lakini swali lile halikuniondoka. Miaka michache iliyopita niliipeleka familia Nairobi kwa basi, safari ya siku nne kwenda na kurudi. Tulifika usiku, tukazunguka mchana kutwa, tukaondoka alfajiri. Mwalimu wa kijana wangu alipowataka wanafunzi waandike insha kuhusu likizo yao, mwanangu aliandika kurasa mbili juu ya foleni ya mpakani. Nairobi ilipata sentensi moja. Sikuwa na haki ya kumlaumu, kwani hata mimi nilichokikumbuka vizuri ni kutazama saa.

Safari hii tumekata orodha ya bintiyangu hadi ikabaki miji miwili: Mbeya na Kapiri Mposhi. Reli yote ina urefu wa kilometa 1,860, na kwa ratiba huchukua takribani siku mbili kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee wa miaka 75 hapaswi kuimaliza kwa mkupuo mmoja. Tutashuka Mbeya, tupumzike. Treni ya abiria haipiti kila siku, kwa hiyo siku za mapumziko tutapangiwa na treni yenyewe, nasi tumeamua kuzipokea kama zawadi. Mwezi Juni Mbeya ina baridi kali. Mablanketi na sweta za Baba zimekwisha kuandikwa juu kabisa ya orodha.

Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, na cha daraja la kwanza vinne. Wanaume na wanawake hulazwa vyumba tofauti, isipokuwa familia inayolipia chumba kizima. Sisi ni watano. Tutalipia vitanda vyote sita vya daraja la pili, Baba alale chini dirishani, na kitanda cha sita kiwe cha vikapu. Kwa hesabu ya mhasibu huo ni ubadhirifu. Kwa hesabu ya familia, ndicho kitanda chenye thamani kuliko vyote, kwa sababu hakuna atakayesafiri amekumbatia sanduku. Katika bajeti nimeweka pia fedha za siku mbili zisizo na kazi yoyote, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, ili treni ikichelewa tusigombane sisi kwa sisi.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani ninaandika kuhusu starehe. La. Ninaandika kuhusu siasa, na naomba wasomaji wangu wanivumilie nilieleze jambo hilo.

Tuna methali mbili ambazo hupendwa na watu wa aina mbili. Ya kwanza husema haraka haraka haina baraka. Ya pili husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nimeona katika maisha yangu ya utumishi kwamba methali ya kwanza hupendwa na anayehudumia, na ya pili hujulikana na anayehudumiwa. Mwananchi anayesubiri dirishani huambiwa asiwe na haraka. Hapo ndipo tunapochanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo: kwenda polepole kwa hiari yako, na kucheleweshwa na mwingine. La kwanza ni uhuru. La pili ni kunyang'anywa muda wako.

Tena, la kwanza haliwezekani pasipo kuondolewa la pili. Ninaweza kumpa Baba siku tatu za kukaa Mbeya akiota jua endapo tu nina hakika kwamba treni ya siku ya nne itakuja. Nikikosa hakika hiyo, kila siku ya mapumziko hugeuka kuwa siku ya wasiwasi, na familia hurudi kulekule kwenye kukimbia. Watu wetu hawakimbii kwa sababu ya pupa. Wanakimbia kwa sababu hawaamini kwamba basi la pili litakuwepo, kwamba dirisha litakuwa wazi mchana, kwamba saini itapatikana kesho. Utulivu wa msafiri hujengwa na ushikaji saa wa taasisi. Ratiba inayoheshimiwa ndiyo inayomruhusu mzee kutembea taratibu.

Chukua mfano wa pasipoti. Ada yake ni shilingi 150,000 kwa kila mtu, mtoto na mkubwa sawa. Kwa familia ya watu watano ni shilingi 750,000 kabla hujanunua hata tiketi moja. Mtanzania haombi viza kuingia Zambia, na hilo ni jambo jema. Lakini mlango usio na kufuli haumsaidii asiyeweza kuufikia. Kenya, Uganda na Rwanda ziliamua tangu mwaka 2014 kwamba raia wao wavuke mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Itifaki ya SADC kuhusu urahisi wa watu kuvuka mipaka ilitiwa saini mwaka 2005, na kwa miaka mingi imekosa idadi ya nchi zinazotakiwa kuiridhia ili ianze kutumika. Tunaimba undugu wa Tanzania na Zambia katika kila ziara ya kiserikali. Je, ni familia ngapi za walimu, wauguzi na makarani zimewahi kuvuka Tunduma kwa matembezi tu, bila biashara wala msiba?

Chukua tena mfano wa likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo kwa mwaka. Ninyi watumishi mnaonisoma mnajua zinavyotumika: wiki moja ya harusi, wiki moja ya msiba, na zilizobaki huombewa kazini kwa sababu "kuna jambo la dharura". Taasisi isiyojua mwezi Januari nani atakuwa likizo mwezi Juni haiwezi kumpa mtu wake mapumziko. Inaweza tu kumpa ruhusa ya ghafla, na ruhusa ya ghafla huzaa safari ya mbio.

Sasa turudi kwenye reli yenyewe. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, na Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia utawala wake mwaka 1965, shaba ya Zambia ilikuwa mateka wa njia za kusini. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha kusema kwamba reli ya kuelekea Dar es Salaam haitalipa. Nyerere na Kaunda hawakukubali hesabu hiyo iwe neno la mwisho. China ilitoa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza mwaka 1970, na mwaka 1976 reli ikakabidhiwa rasmi. Hivyo ni kweli kwamba reli hii ilizaliwa kwa ajili ya shaba. Lakini haikuitwa Reli ya Shaba. Iliitwa Reli ya Uhuru, na uhuru ni wa watu.

Septemba 2024, mjini Beijing, marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia kutiwa saini kwa hati ya makubaliano ya kuifufua. Nilifurahi, na bado ninafurahi. Hata hivyo, katika mijadala ninayoifuatilia tangu siku ile, nasikia zaidi habari za tani, makontena, kobalti, na ushindani na njia ya Lobito inayopitia Angola. Abiria akitajwa, hutajwa mwishoni, kama mtu aliyeomba lifti. Naelewa kwamba mizigo ndiyo inayolipa madeni. Ninachohofia ni kwamba tukishaandika mikataba inayopima mafanikio kwa tani peke yake, treni ya abiria itakuwa ya kwanza kusimamishwa panapotokea tatizo na ya mwisho kurejeshwa, na hakuna atakayevunja mkataba kwa kufanya hivyo.

Rai yangu ni nyepesi kuisema. Mikataba ya ufufuaji iweke idadi ya chini ya treni za abiria kwa wiki, na adhabu zisipokwenda. Ratiba itangazwe miezi sita mbele, na mabadiliko yake yatangazwe mapema kwa yeyote aliyekata tiketi. Serikali hizi mbili zikubaliane raia wao wavuke Tunduma na Nakonde kwa vitambulisho vya taifa. Na wakuu wa taasisi za umma waheshimu ratiba ya likizo kama wanavyoheshimu ratiba ya bajeti. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji handaki jipya. Kazi ngumu ilifanywa zamani na vijana kama Baba, kwa mikono.

Nikiri kwamba katika haya yote kuna jambo linalonisumbua. Ninahubiri kutokimbia, ilhali magoti ya Baba hayaningoji. Mwezi uliopita alishindwa kupanda ngazi za msikitini bila kushikwa mkono. Mke wangu alipendekeza twende kwa ndege hadi Lusaka, kisha gari hadi Kapiri Mposhi, tumalize kwa siku tatu. Nilipomweleza Baba, alitikisa kichwa. "Mimi sitaki kufika," alisema. "Nataka kupita." Anataka kupita Mlimba usiku akihesabu mahandaki kwa sikio, kisha avuke mpaka ambao hakuwahi kuuvuka.

Bintiyangu amegundua kwamba Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo tukitoka Tunduma kuingia Nakonde saa zetu zitarudi nyuma. Amemwambia babu yake kwamba mpakani atapewa saa moja ya bure. Mzee alimuuliza itakuwaje wakati wa kurudi. Mtoto akajibu kwamba tutairudisha. Basi, akasema Baba, tutakaa huko kidogo kabla ya kuilipa.

Pasipoti yake imekwisha kutoka. Hatujakata tiketi, kwa sababu reli iliyo katika kipindi cha ukarabati hubadilisha ratiba, na nimeapa kutonunua chochote kabla ya kuhakikishiwa kwamba treni ya abiria itakuwepo wiki hiyo, kwenda na kurudi. Jumatatu nitakwenda tena stesheni kuuliza.