Kisanduku cha Kumi na Mbili

"Usisaini chochote!" Sauti ya kaka yake ilitoka kwenye simu iliyowekwa spika. Dada mmoja, mwenyeji wa Bukavu, alikuwa amesimama mvuani mwanzo wa Chaussée d'Alsemberg, hapa Saint-Gilles, Ubelgiji, hatua chache kutoka Barrière, pale reli za tramu zinapozunguka sanamu ya mwanamke mbeba maji. Vipande vya taa yake ya mbele ya kulia vilikuwa vimetapakaa barabarani. Mzee wa gari la pili alikuwa ameshatandaza karatasi juu ya boneti, upande mmoja buluu, upande mwingine njano, akiikinga kwa kiwiko isilowe. Mimi nilikuwa napita na mfuko wa mboga kutoka soko la Parvis, nikaombwa kutafsiri. Dada hakusaini. Mzee alijaza peke yake, akaondoka na karatasi yake, na wiki kadhaa baadaye barua ya bima ikamfikia dada: kosa ni lako lote, umemgonga mwenzako nyuma.

Nilikuwa nimeyaona magari yale kabla hayajasogezwa. Gari la mzee lilikuwa limekaa mshazari, gurudumu la nyuma bado ndani ya mstari wa maegesho. Lilikuwa linatoka. Hilo halikuandikwa popote.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini yale tunayoambiana kuhusu ajali, saluni, msikitini, na nje ya kanisa baada ya misa. Mengi si kweli, na mengine yanawagharimu watu fidia yao. Naanza na lile lililomponza dada huyu.

Tunaambiana kwamba kusaini konsta, ile karatasi ya maelezo ya ajali, ni kukubali kosa. Karatasi yenyewe inakanusha: imechapwa juu yake kwamba si kukiri dhima, ni kumbukumbu ya waliohusika na yaliyotokea, ili madai yaende haraka. Ndani yake hamna mahali pa kuandika nani mkosaji. Kuna kisanduku cha 12, katikati ya ukurasa, chenye mistari 17 ya matukio, na kila dereva hutia alama kwenye yanayomhusu. Mstari wa 2 ni gari lililokuwa likitoka kwenye maegesho au kufungua mlango. Wa 8 ni kugonga nyuma katika njia moja. Wa 10 ni kubadili njia, wa 14 ni kurudi nyuma, wa 16 ni kutokea kulia kwenye makutano. Chini kabisa kila mmoja anaandika idadi ya alama alizotia, ili mtu asiongeze nyingine baadaye akiwa nyumbani.

Wapo pia wanaosema kinyume chake, kwamba karatasi hiyo haina uzito, bima wataamua wenyewe. Bima wanaamua kwa kuisoma hiyo hiyo. Ukishaweka saini pamoja na mwenzako, kuja kudai mbele ya hakimu kwamba mambo yalikuwa tofauti ni kazi nzito sana. Kwa hiyo woga wa kaka mtu ulikuwa na chembe ya ukweli, ila dawa aliyoitoa ndiyo iliyokuwa mbaya. Dawa ni kutia alama kwa uangalifu, kuchora magari pale yalipokuwa, na kutumia kisanduku cha 14, cha maoni, kuandika usichokubaliana nacho. Kama Kifaransa kinakukwama, andika kwa Kiswahili kuliko kuacha patupu. Mpangilio wa fomu ni ule ule katika nchi nyingi za Ulaya, hivyo unaweza kushika ya lugha unayoijua huku ukijaza ya mwenzako. Mkishindwa kabisa kuelewana, usisaini, lakini pia usiondoke: piga picha, tafuta shahidi, ita polisi.

Hapo ndipo linapokuja la pili, kwamba polisi ndio waamuzi. Tuliokulia Dar tunaambiwa gari lisiguswe mpaka trafiki aje apime. Hapa, kama hakuna aliyeumia, sheria inawataka mbaki pale muandikiane na msizuie njia. Gari likiziba barabara, piga picha kisha sogeza. Akiumia mtu, hata mchubuko, polisi waitwe na mahali pasivurugwe. Polisi wa kanda ya Midi, wanaohudumia Saint-Gilles pamoja na Anderlecht na Forest, wataandika walichoona na walichoambiwa. Hawagawi kosa. Hilo ni la kampuni za bima kwanza, na zisipoafikiana, au usiporidhika wewe, ni la hakimu katika mahakama iitwayo mahakama ya polisi. Jina hilo limewatisha wengi bure. Humo hamna askari anayekuhukumu. Ni hakimu kamili, na kesi za fidia za ajali za barabarani ni kazi yake.

"Aliyegonga nyuma ndiye mwenye kosa." Mara nyingi ndivyo, kwa sababu kanuni za barabarani za 1 Desemba 1975 zinamtaka dereva aweze kusimama kabla ya kizuizi kinachotazamiwa. Neno ni kutazamiwa. Gari linalochomoka kwenye maegesho linafanya kile sheria inachokiita manuva, na anayefanya manuva lazima awapishe wengine wote. Kanuni hizo hizo zinakataza kufunga breki ghafla bila sababu ya usalama. Alama moja kwenye mstari wa 2, upande wa mzee, na picha moja ya lile gurudumu, ingebadilisha barua aliyopokea dada.

Kuhusu kumpisha anayetokea kulia kwenye makutano, madereva wa zamani bado wanasema kwamba akisimama amepoteza haki yake. Iliwahi kuwa hivyo. Tangu 1 Machi 2007 si hivyo tena: anasimama, anaangalia, na haki ya kupita kwanza bado ni yake. Tramu ndiyo haina mjadala, hupishwa hata ikitokea kushoto.

Palipo na hatari zaidi katika mitaa yetu ni kwenye baiskeli. Saint-Gilles imejaa njia za upande mmoja ambazo baiskeli zinaruhusiwa kuzipita kinyume, na utaratibu huo umeenea Ubelgiji tangu 2004. Unafika kwenye makutano, unaona mtaa wa kulia ni wa magari kuingia tu, unajiambia hakuna wa kutoka huko, unapita. Anatoka mwendesha baiskeli. Wengi wanaapa kwamba ni yeye aliyekuwa "anapita kinyume". Kibao kidogo chini ya alama kikimruhusu, yuko njiani mwake, ametokea kulia, na ana haki ya kupita kwanza.

Sasa lile linalochanganya hata wasomi: "Mtembea kwa miguu hana kosa kamwe, kwani bima humlipa siku zote." Kulipwa na kutokuwa na kosa ni vitu viwili. Sheria ya 21 Novemba 1989, kifungu cha 29bis, inaamuru bima ya gari imlipe aliyeumia mwili bila kuuliza kosa ni la nani, awe anatembea, yuko kwenye baiskeli au ni abiria. Anayenyimwa ni mwenye zaidi ya miaka 14 aliyeitaka ajali pamoja na madhara yake. Lakini aliyekatiza kwenye taa nyekundu bado anaweza kudaiwa bampa aliyoivunja, na baiskeli iliyopinda haimo katika kifungu hicho. Dereva mwenyewe hamo pia, ndiyo maana anahitaji bima yake ya dereva.

Mke, watoto, mama mkwe waliokaa kwenye gari la mkosaji, wote ni abiria. Nimekutana na mama aliyevunjika mkono akakataa kudai kwa kuogopa "kumshtaki mume wangu". Anayelipa ni kampuni ambayo mumewe ameilipia kila mwaka.

Na wasio na kibali cha kuishi, ambao huambiwa wanyamaze: kifungu hicho cha 29bis kinamtazama aliyeumia, hakiulizi karatasi zake. Gari likiwa halina bima au dereva akitoroka, aliyeumia mwili ana Mfuko wa Pamoja wa Dhamana wa Ubelgiji wa kuuendea. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, uondoke na cheti chenye tarehe. Hata asiye na leseni akigongwa amesimama kwenye taa, adhabu ya leseni ni yake, lakini anayetaka kumbebesha ajali lazima athibitishe kwamba kosa hilo ndilo lililoileta.

Dada wa Bukavu sasa anaweka konsta mbili kwenye droo ya gari, na kalamu mbili. Jina, namba ya gari na namba ya bima ameshazijaza mapema, mezani kwake, bila haraka. Kisanduku cha 12 amekiacha kitupu, na pembeni yake amebandika kijikaratasi chenye tafsiri ya mistari yote 17 kwa Kiswahili.