Ngazi Tatu Mbele ya Mlango: Haki ya Mpangaji Mlemavu

Mwenye nyumba akiung'oa mlango wa mpangaji wake, mtaa mzima huona na kusema. Akijenga ngazi tatu mbele ya mlango huo huo, hakuna asemaye neno. Hata hivyo, kwa mtu atembeaye kwa baiskeli ya magurudumu matatu, mambo hayo mawili ni jambo moja: amefukuzwa.

Tunaandika haya kwa sababu ya kisa kilichotokea katika parokia yetu. Fundi viatu mmoja, aliyepooza miguu tangu utoto, alipanga chumba katika nyumba yenye vyumba sita. Alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kama ilivyo desturi ya miji yetu, na juu yake kodi ya mwezi mmoja kwa dalali. Kwa ruhusa ya mwenye nyumba, iliyotolewa kwa mdomo tu, alinunua saruji akajenga njia mteremko kutoka uani hadi barazani. Mvua za masika zilipoingiza maji uani, mwenye nyumba aliinua baraza, akaivunja njia ile, na mahali pake akaweka ngazi. Mpangaji alipouliza, alijibiwa kwamba nyumba si yake. Alipouliza mara ya pili, aliambiwa kodi ikiisha ahame. Ikiwa imebaki wiki nzima ya kodi aliyokwisha kuilipa, alirudi jioni kutoka kazini akakuta vyombo vyake nje na kufuli jipya mlangoni.

Nasi tulifanya nini? Jumuiya ilichanga fedha, akatafutiwa chumba upande wa pili wa mji, mbali na wateja wake, nasi tukamshukuru Mungu kwamba jambo limekwisha. Halikwisha. Alikuwa anadai wiki moja ya kodi, gharama ya saruji yake, na juu ya yote haki ya kusikilizwa. Hayo hatukumdai mtu. Tulimpa sadaka mahali alipostahili haki, na kwa kufanya hivyo tulimfundisha mwenye nyumba kwamba lolote atakalolitenda, Wakristo watalipa.

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa, nalo ni la fikra kabla ya kuwa la matendo. Tumezoea kumwona mlemavu kuwa ni mtu wa kuhurumiwa. Mwenye nyumba anayempangisha huhesabiwa kuwa ametenda wema, na mlemavu anayelalamika huonekana hana shukrani. Lakini fundi yule hakupokewa bure. Alilipa kodi sawa na wenzake watano. Aliyelipa ni mpangaji, na mpangaji ana haki zake.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili hayana utata. Tarehe 27 Desemba 1987 Tume ya Kipapa ya Haki na Amani ilitoa waraka juu ya Kanisa na tatizo la makazi, ikafundisha kwamba yeyote akosaye makao yanayofaa pasipo kosa lake mwenyewe ametendewa udhalimu. Karne nyingi kabla ya hapo, Kumbukumbu la Torati sura ya 24 ilikuwa imemkataza mdai kuingia ndani ya nyumba ya mdaiwa kutwaa rehani. Alipaswa kusimama nje akangoje. Ikiwa hata mwenye deni alilindiwa kizingiti chake, sembuse yule asiyedaiwa hata senti?

Sheria za nchi nazo si bubu. Ni kweli kwamba Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo uzito mkubwa umekuwa katika mapatano ya pande mbili. Na kila penye mapatano, mnyonge hupatana akiwa chini. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaweka masharti ambayo yamo katika pango hata kama hayakuandikwa: mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake ana haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa na mwenye nyumba katika muda wote wa pango. Kufuli lile jipya lilivunja sharti hilo.

Aidha, mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Mkataba huo unataja makazi ya kutosha kuwa haki, na unampa mlemavu uhuru wa kuchagua mahali pa kuishi sawa na watu wengine. Unafundisha pia kwamba kumnyima mtu marekebisho ya kadiri, yasiyomlemea mwingine kupita kiasi, ni ubaguzi. Njia mteremko iliyojengwa kwa saruji ya mpangaji mwenyewe ilimlemea nani?

Twajua kwamba mwenye nyumba naye ana lake la kusema. Wengi wa wenye nyumba katika parokia zetu si matajiri. Ni wajane na wastaafu wanaokula na kusomesha kutokana na vyumba vinne au vitano. Maji yaliingia uani kweli, na baraza ilihitaji kuinuliwa kweli. Hatudai kwamba mjane abomoe nyumba yake kwa ajili ya mpangaji mmoja, wala hatusemi kwamba ulemavu unamwondolea mtu wajibu wa kulipa kodi. Tunachodai ni kadiri. Aliyeweza kununua saruji ya ngazi angeweza kumwita mpangaji wake, wakae pamoja, waone jinsi ya kuinua baraza na njia kwa wakati mmoja, na Jumuiya ingesaidia gharama. Mchango tuliouchanga kumhamisha ungalitosha kumbakiza.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, tuandikiane. Neno la mdomo lilimponza fundi yule. Mkataba wa ukurasa mmoja watosha: kodi, muda, notisi ya kuhama, na ruhusa ya marekebisho ambayo mlemavu anayahitaji. Asiyeona asomewe mkataba wote mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe kabla ya kuweka dole gumba. Kiziwi apate mkalimani wa lugha ya alama. Kutikisa kichwa kusichukuliwe kuwa ni kukubali.

Pili, tuijue njia ya kudai. Ugomvi uanzie katika Jumuiya na kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usipotulia, upelekwe Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza hilo linapatanisha tu, halitoi hukumu. Suluhu isipopatikana katika siku 30, mwenye malalamiko anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Asiye na uwezo asikate tamaa, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wanaowahudumia maskini bila malipo.

Tatu, tumsindikize. Nauli ya kwenda wilayani, ofisi iliyo ghorofani, karani asiyejua lugha ya alama: hayo humfanya mlemavu aache haki yake kabla hata hajaitaja. Kila Jumuiya iteue watu wawili wa kwenda naye siku ya shauri, si kwa kumsemea, maana yeye ana kinywa chake, bali ili afike na asikilizwe.

Nne, tuanzie nyumbani kwetu. Parokia nyingi, na yetu ikiwa mojawapo, zina vyumba na maduka ya kupangisha. Halmashauri ya Walei na iyakague kabla ya kumnyoshea mtu kidole. Je, kiti cha magurudumu chapita mlangoni? Chooni je? Ofisi ya parokia, ambamo haki hizi zitahubiriwa, ina ngazi ngapi? Ya kwetu tumezihesabu, nazo ni nne.

Fundi yule angali anashona viatu, sasa kwa wateja wachache. Mwenye nyumba yake wa zamani angali anasali pamoja nasi kila Jumapili, na tangu siku ya kufuli lile hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kuzungumza naye. Tulimwogopa, au tuliona haya, au tulidhani mchango umemaliza yote. Wiki moja ya kodi na bei ya saruji havijarudishwa hadi leo. Tutakwenda kwake, mpangaji akiwa pamoja nasi akipenda, na tutaomba virudishwe.