Injini Haiogopi Baridi, Imekosa Pumzi

Ndugu wanaushirika,

Asubuhi za Juni na Julai ukipita penye mashine yetu ya kukoboa mpunga utakuta vijana wanne wanapokezana hendeli, jasho linawatoka, na kina mama wamekalia magunia yao tangu alfajiri. Mwisho anakuja mtu na kitambaa kilicholowa petroli, anakiweka kwenye mdomo wa hewa. Mimi nasema jambo hilo likome.

Injini hii ya dizeli haina plagi. Mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa na pistoni, basi. Huko Uingereza zilikotoka Lister za zamani, watu walizipigia hendeli wakati wa theluji zikawaka. Sembuse hapa Lupiro, baridi ya shuka moja? Yetu inavuja hewa kwenye vali na ringi zilizokwisha. Petroli inalipuka kabla ya wakati wake, hendeli inarudi kinyume, mtu anavunjika mkono, na ringi ndiyo kwanza zinazidi kufa.

Kwa sasa tumwage maji ya baridi ya injini, tutie ya moto (siyo yanayotokota), tungoje dakika kumi. Tuinue vali kwa kishikio chake, tuzungushe mpaka magurudumu yashike kasi, ndipo tuiachie.

Lakini hiyo ni kutuliza tu. Fedha za ukobozi msimu huu zisage vali, zinunue ringi, zipime nozeli. Rangi ya ofisi ingoje, na wanaoitaka nawajua.

Mwanachama mwenzenu