Paka Asiyechaguliwa

Mwezi huu twataka kusema na watu wa nyumbani, na hasa vijana, juu ya kiumbe ambaye huenda wengine wakaona hastahili wino wetu: mtoto wa paka ambaye kila ajaye kuchagua humpita, akamchukua mwenziwe.

Hapa kwetu Newala, na kule chini Masasi, hatujapata kuona nyumba maalumu ya kulelea paka wasio na mwenyewe, kama zilivyo katika miji mikubwa ya ng'ambo. Kwetu makao yao ni jiko la jirani, ghala la mahindi na makopa, au baraza ya chuo. Paka akizaa, mwenye nyumba hutangaza, na majirani huja kuchagua. Dume mwenye madoadoa hachelewi kuondoka. Hubaki jike, kwa kuwa atazaa. Hubaki mweusi, kwa kuwa watu humsingizia uchawi. Hubaki mwenye jicho bovu. Kinachofuata kila mtu akijua, ila hakisemwi: gunia, na njia ya porini.

Hatusemi haya kwa kuwanyoshea wengine kidole. Mwaka mmoja walibaki wawili chuoni petu, wa mwezi mmoja tu, nasi tukampa mwanafunzi kikapu, tukamwambia awaache sokoni wajitafutie. Jioni ile somo letu lilikuwa hadithi ya Abdullah bin Umar, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajilie vidudu vya ardhini. Mwanafunzi yule akauliza, "Maalim, na wale wetu wa asubuhi, wao wanajua kujilia?" Hatukuwa na jibu. Mtoto wa paka wa umri ule hawezi kuwinda, na uhuru tuliompa haukumfaa kitu. Tulikwenda sokoni na taa. Mmoja, jike mweusi, tulimkuta chini ya meza ya muuza samaki, tukamrudisha kwa mamaye. Wa pili hatukumwona tena.

Ama huo weusi wake, Mtume wetu (S.A.W.) amekwisha kukanusha mambo ya mikosi, na Mwislamu hana haki ya kuyarudisha kwa mlango wa nyuma. Na jike mwenye watoto ndiye awindaye kwa bidii.

Kuna mas'ala mengine ambayo wengi hawayajui. Imepokewa kwa Jabir, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikemea thamani ya paka. Wanavyuoni walio wengi wamejuzisha kumwuza paka mwenye manufaa, na Imamu Nawawi aliieleza hadithi hiyo kwamba yaweza kuwa ni karaha tu, ili watu wazoee kupeana paka bure, na kuazimana, na kufanyiana ukarimu. Neno hilo la kuazimana ndilo lililotufungua macho. Yule mweusi alipofika miezi mitatu bado hana mtu, tuliacha kumtangaza. Tulimwazima bibi mmoja mjane, ambaye panya walikuwa wakimla makopa yake, kwa siku saba tu. Siku ya nane tulipokwenda, bibi akatuuliza, "Maalim, mmekuja kumchukua nani?"

Tangu siku hiyo twafanya hivyo kwa kila aliyepitwa. Mtoto wa paka asitolewe kwa mamaye kabla ya majuma manane. Kasoro yake isemwe wazi, na mama wa nyumba aulizwe, si mtoto peke yake. Siku za kwanza afungiwe ndani, apewe dagaa na maji. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi wao. Nyumba inayotumia sumu ya panya isichukue paka, maana atamla panya aliyesumika naye afe. Na kwa kuwa kichaa cha mbwa humpata paka pia, bwana mifugo aulizwe habari za chanjo.

Wengine hulalamika kwamba paka hutia mdomo katika maji. Kabsha binti Kaab alimtilia mkwewe Abu Qatada maji ya udhu, paka akaja, na sahaba yule akakiinamisha chombo mpaka akanywa, kisha akamweleza mkwewe aliyeshangaa kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzungukia majumbani. Wazee wetu wa huku juu, waliokuwa wakishuka mteremko mpaka bondeni na kupanda na mtungi kichwani, wanajua maji ya udhu yana thamani gani, na sahaba yule naye alikuwa mtu wa nchi kavu.

Wakati tunaandika haya yuko mmoja barazani petu, dume la manjano lililokatika mkia. Mwenye ghala aliye karibu na aje amwazime.