Tazameni Ndani ya Sufuria

Inapokaribia Idi, mama zangu hutoa makabatini vyombo vya shaba tulivyorithi kwa mabibi: masinia, madele ya kahawa, sufuria za pilau. Husuguliwa kwa ukwaju na jivu laini hadi ving'ae. Ni desturi njema. Bwana Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitawadha kwa maji yaliyoletwa katika chombo cha shaba, kama alivyopokea Imamu Bukhari. Lakini kabla ya kupika, tazameni ndani.

Mafundi wa kale walipaka tumbo la sufuria bati jeupe (bati la asili, si mabati ya mapaa), nalo ndilo linalokinga chakula. Likichakaa na wekundu wa shaba ukachomoza, ndimu, siki na nyanya huila shaba ikaingia chakulani, na mlaji akaumwa tumbo na kutapika. Sufuria hiyo isipikiwe mpaka fundi aipake bati upya. Fundi akikosekana, na iwe pambo la ukumbini.

Iliyo nzima haitaki mchanga wala waya. Maji ya moto, sabuni na kitambaa laini vyatosha. Wala isitelekwe tupu motoni, kwani bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi tu.

Ukwaju ni wa nje. Uoshwe wote, kisha chombo kikaushwe papo hapo. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na kwenye unyevu kutu ya kijani haikawii kurudi.