Maji Moto ya Kusatsu na Deni la Wasafiri wa Jumamosi

Wako watu wanaodhani kwamba safari ya mwisho wa juma ni jambo la anasa, lisilostahili kujadiliwa na watu wazima wenye kazi za maana. Fikra hiyo haina msingi. Mapumziko ya mfanyakazi ni sehemu ya kazi yake, na namna taifa linavyowapumzisha watu wake huonyesha, pengine kuliko hotuba za viongozi wake, ni nani anayehesabiwa kuwa mtu katika taifa hilo na ni nani anayebebeshwa gharama. Mfano ulio wazi unapatikana Japani, nchi ya viwanda vikubwa ambayo wananchi wake wamedumisha desturi ya kale ya kuoga pamoja katika chemchemi za maji moto.

Safari yenyewe ni ya kawaida sana. Marafiki wanne wa Tokyo wanachanga fedha na kukodi gari. Mmoja ni karani wa wizara, mwingine ni mwalimu wa sekondari, na wawili ni wafanyakazi wa kampuni. Jumamosi alfajiri wanaingia barabara kuu ya Kan-Etsu pale Nerima, wamebeba matonge ya wali na chai ya chupa. Wanaiacha barabara hiyo Shibukawa, kisha wanapanda na bonde la mto Agatsuma hadi Kusatsu, mji mdogo wa milimani katika Mkoa wa Gunma, kiasi cha mita 1200 juu ya usawa wa bahari. Magari yasipokuwa mengi ni mwendo wa saa tatu hivi. Watalala usiku mmoja, wataoga mara tano au sita, na Jumapili jioni watarudi mjini.

Jumamosi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Sheria ya Viwango vya Kazi ya mwaka 1947 iliweka saa 48 za kazi kwa juma, yaani siku sita za saa nane, na kwa miaka 40 Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kazini kama siku nyingine. Mwaka 1987 ndipo sheria ilipobadilishwa ili kuelekea saa 40, nayo ikatekelezwa kwa hatua, hata waajiri wadogo wakasubiriwa mpaka mwaka 1997. Ieleweke kwamba mabadiliko hayo hayakuletwa na huruma ya matajiri. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeyadai kwa muda mrefu. Lakini masikio ya serikali yalizibuka vizuri zaidi pale mataifa yanayofanya biashara na Japani yalipolalamika kwamba bidhaa za Kijapani zinawashinda kwa sababu wanaozitengeneza hawapumziki. Taarifa ya Maekawa, iliyoandaliwa kwa ajili ya Waziri Mkuu Nakasone mwaka 1986, ilitaja waziwazi haja ya kupunguza saa za kazi. Watumishi wa serikali kuu walipata Jumamosi zote mwaka 1992. Shule za umma zilianza mwaka huo huo kwa kufungwa Jumamosi moja kwa mwezi, zikafungwa mbili kuanzia mwaka 1995, na zote kuanzia mwaka 2002.

Hata hivyo, mwalimu aliyemo katika gari hilo ana bahati tu kuwamo. Vilabu vya michezo vya shule hufanya mazoezi na mashindano mwisho wa juma, na msimamizi wake ni mwalimu. Kwa sheria ya mwaka 1971, mwalimu wa shule ya umma hapati malipo ya saa za ziada. Badala yake hupewa nyongeza ya mshahara, ambayo kwa zaidi ya nusu karne ilikuwa asilimia 4. Ilibidi kungoja mwaka 2025 ndipo Bunge likubali kwamba nyongeza hiyo ipandishwe kidogo kidogo hadi asilimia 10. Mwalimu yeyote, wa nchi yoyote, anaielewa hesabu ya namna hiyo bila kuelezwa. Karani wa wizara anakwenda Kusatsu kwa haki ya kisheria. Mwalimu anakwenda kwa sababu timu ya mpira haikucheza juma hilo.

Juu ya ushuru wa barabara hakuna haja ya kusema mengi. Wananchi waliahidiwa kwamba utakoma madeni ya ujenzi yatakapokwisha kulipwa. Sheria iliyopitishwa mwaka 2023 imeruhusu uendelee kutozwa hata kufikia mwaka 2115, ambao hakuna abiria hata mmoja wa gari hilo atakayeuona.

Kabla ya kufika Kusatsu barabara inapita kando ya ziwa. Maji yake yametulia, milima inajitazama ndani yake, na wasafiri husimama kupiga picha. Ziwa hilo si la asili. Ni maji ya bwawa la Yamba, na chini yake kipo kijiji cha Kawarayu, ambacho nacho kilikuwa kijiji cha maji moto, kikisimuliwa kwamba chemchemi yake iligunduliwa na mtawala Minamoto no Yoritomo mwaka 1193. Wenyeji wake wana sherehe ya tarehe 20 Januari. Alfajiri, katika baridi kali, wanaume waliovaa nguo ya kiunoni tu hurushiana maji moto kwa ndoo, kukumbuka zama ambapo chemchemi ilikauka ghafla kisha, baada ya kuchinjwa kuku wa sadaka, ikabubujika tena. Watu waliojua hivyo thamani ya maji yao ndio walioambiwa wahame ili watu wa mbali wapate maji.

Serikali ilikuwa na sababu, na si haki kuzificha. Septemba 1947 kimbunga Kathleen kilivunja kingo za mto Tone, mafuriko yakafika Tokyo, na katika eneo lote la Kanto wakafa watu zaidi ya 1000. Mpango wa kujenga bwawa ukaja mwaka 1952. Lakini ulikwama kwa sababu ambayo wahandisi hawakuweza kuikwepa: mito inayoshuka kutoka Kusatsu ilikuwa na tindikali kali kiasi cha kula saruji na chuma. Samaki hawakuishi humo, na wakulima hawakuweza kumwagilia mashamba. Maji yaleyale yaliyoponya ngozi za wageni huko juu yaliua kila kitu huko chini. Mwaka 1964 kikafunguliwa kiwanda cha kumwaga chokaa mtoni ili kuvunja nguvu ya tindikali, na mpaka leo kinafanya kazi hiyo usiku na mchana. Mto ukapona, na kwa kuwa ulipona, bwawa likawezekana.

Wanakijiji walipinga kwa miaka mingi. Mwaka 1985 viongozi wa mji wa Naganohara waliafiki mpango wa kuwajengea wananchi maisha mapya juu ya mlima, na kuanzia hapo familia zikaanza kuondoka moja moja. Nyumba za kaya 340 zilipaswa kufunikwa na maji. Mwaka 2009 chama kilichoingia madarakani kilitangaza kwamba ujenzi umesimamishwa, kwa kuwa ni upotevu wa fedha za umma. Uamuzi huo ulishangiliwa sana Tokyo. Kawarayu, wazee walewale waliokuwa wamelipinga bwawa tangu ujana wao walitaka likamilishwe! Wako wasomi waliowacheka. Walikosea. Mtu aliyekwisha kuvunja nyumba yake, akaacha biashara yake, na jirani zake wakatawanyika, hawezi kurudishiwa kijiji kwa tamko la waziri. Mwaka 2011 serikali iliyosimamisha ujenzi ndiyo iliyoruhusu uendelee, na mwaka 2020 bwawa likaanza kazi, baada ya gharama zake kukadiriwa kufikia yeni bilioni 532. Lilipokuwa likijaribiwa, Oktoba 2019, kimbunga kikubwa kililijaza kwa muda mfupi, na watetezi wake wakasema Tokyo imeokolewa. Wataalamu wamebishana juu ya ukubwa wa msaada huo. Lisilo na ubishi ni kwamba maji ya bwawa hilo yamepangiwa mabomba ya Tokyo na mikoa jirani, na kwamba marafiki wanne waliosimama kupiga picha wanakaa mwisho wa mabomba hayo.

Kusatsu yenyewe ni mji wa kustaajabisha. Zaidi ya lita 32,000 za maji moto hububujika kila dakika. Katikati ya mji liko konde la maji moto, ndivyo linavyoitwa kwa lugha ya wenyeji, ambapo maji yenye harufu ya salfa hupitishwa katika mifereji ya mbao ili yapoe kabla ya kugawanywa. Kuyachanganya na maji baridi ni kuyapunguzia nguvu. Kwa hiyo tangu zamani watu walisimama kuzunguka birika, wakayakoroga kwa mbao ndefu huku wakiimba, mpaka joto likashuka kiasi cha binadamu kuvumilia. Daktari Mjerumani Erwin Bälz, aliyefundisha Tokyo zama za Mfalme Meiji, aliyasifu maji haya mbele ya dunia nzima. Jambo la kustahili sifa zaidi, hata hivyo, si kemia ya maji bali utaratibu wake. Mji una hamamu 19 za pamoja, nyumba ndogo za mbao zilizoko mitaani, zisizo na mkata tiketi wala sabuni, zinazotunzwa na wakazi wenyewe. Mgeni anakaribishwa katika hamamu tatu. Nyingine ni za wakazi, na wapo wageni wanaonung'unika kwamba wanabaguliwa. Manung'uniko hayo hayana haki. Anayeamka kusugua sakafu ya hamamu wakati wa theluji anastahili kuoga bila kupanga foleni nyuma ya watu wa Tokyo.

Ndani ya hamamu hakuna cheo. Karani, mkurugenzi wake na fundi wa magari wanavua nguo zote, wanajiosha kwanza, kisha wanaingia birika moja, na hakuna anayejua nani ni nani. Waandishi wengi wa Kijapani wamelisifu jambo hili, wakaona kwamba maji moto ni mwalimu wa usawa. Sifa hiyo ina ukweli ndani yake, lakini haijatimia, na mahali pa kuonyesha upungufu wake ni Kusatsu hapo hapo.

Wagonjwa wa ukoma walikuwa wakija Kusatsu tangu kale kutafuta nafuu. Mwaka 1887 walitengewa mtaa wao, Yunosawa, ambako waliishi, wakafanya biashara, wakaoa na kujitawala. Kisha dola ikashika siasa ya kuwafungia wagonjwa wote. Mwaka 1932 ilifunguliwa hospitali ya taifa ya Kuryu Rakusen-en nje ya mji, na miaka kumi baadaye mtaa wa Yunosawa haukuwapo tena. Mwaka 1938 palijengwa ndani ya hospitali hiyo gereza la wagonjwa waliohesabiwa kuwa wakaidi, likiletewa watu kutoka pande zote za nchi. Halikuwa na moto wa kuotea, katika mji ambao ardhi yake inachemka. Hadi mwaka 1947 watu 93 walifungwa humo, na 23 kati yao wakafa. Sheria ya kuwatenga wagonjwa haikufutwa mpaka mwaka 1996, ingawa dawa ya kuuponya ugonjwa huo ilikuwa imejulikana kwa miongo mingi. Na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikaamua kwamba sheria hiyo ilivunja Katiba.

Ingedhaniwa kwamba uamuzi huo ulimaliza jambo. Mwaka 2003 serikali ya Mkoa wa Kumamoto iliwaandalia wakazi wa hospitali ya Kikuchi Keifuen safari ya kwenda kuoga maji moto. Walikuwa wazee, wamepona zamani, wamekaa pamoja maisha yao yote. Kwa maneno mengine, walikuwa marafiki waliotaka kusafiri kama marafiki wengine. Hoteli moja ikakataa kuwapokea, ikisema wageni wengine wataona vibaya. Gavana alilitangaza jambo hilo hadharani. Hoteli ikaomba radhi, wazee wakaona radhi hiyo haikutoka moyoni, wakaikataa, na hapo ndipo aibu kubwa zaidi ilipotokea: wananchi wa kawaida, wasio na hisa katika hoteli yoyote, waliwaandikia wazee hao barua za matusi, wakiwaambia wakae kimya na washukuru kwa kula kodi za wengine. Hoteli ilifungwa mwaka 2004. Walioandika barua hizo bila shaka waliendelea kwenda kuoga.

Basi usemi kwamba maji hayana ubaguzi haumsaidii mtu aliyezuiwa mlangoni. Kilichowasaidia wazee wa Kumamoto ni mahakama, na gavana aliyekataa kunyamaza. Kilichompa karani Jumamosi yake ni sheria. Kinachozifanya hamamu za Kusatsu zisiwe mali ya mwenye hoteli ni wakazi wenye ufagio. Pale mambo hayo yanapokosekana, maji moto huenda kwa mwenye fedha na mwenye ngozi isiyo na kovu.

Kuhusu Kawarayu, hoja inayosikika mara kwa mara ni kwamba fidia imekwisha kulipwa, na hesabu imefungwa. Fidia ililipwa, ni kweli. Nyumba zilijengwa upya juu ya mlima, stesheni ya reli ikahamishwa, maji moto yakapelekwa kwa mabomba, na sherehe ya Januari inaendelea. Lakini sehemu kubwa ya familia haikupanda mlima. Zilikwenda mijini na hazikurudi, na mji wa maji moto usio na watu wa kutosha kuutunza hauwezi kuendeshwa kwa hundi iliyolipwa mara moja. Hivyo serikali ya jiji la Tokyo, inayoonyesha mwaka hadi mwaka ubora wa maji yake ya bomba, inapaswa kuihesabu Kawarayu katika bajeti zake za kila mwaka kama inavyohesabu pampu na chujio. Na wasafiri wa Jumamosi wanayo nafasi yao, ndogo lakini halisi. Hamamu mpya ya kijiji, iitwayo Oyu kama ile ya zamani, ilifunguliwa mwaka 2014. Iko juu ya ziwa, na kuifikia hakuhitaji zaidi ya kuacha njia kwa muda mfupi. Magari mengi yanayokwenda Kusatsu hupita bila kupunguza mwendo.