Usilipie kasi ambayo waya hauwezi kuipitisha

Kwa wanaovusha vifaa vya kompyuta kati ya Kariakoo, Luthuli na Kampala, SSD ndogo ya NVMe, ile inayokaa ndani ya laptopu, si bidhaa ngeni. Wateja sasa wanaitaka iwekwe kwenye kasha la USB ili itumike kama diski ya nje. Ni matumizi mazuri. Laptopu ikifa, diski yake inaweza kuendelea na kazi. Kasha likiharibika, unabadilisha kasha tu.

Tatizo ni bei. Wauzaji wengi hutangaza namba iliyoandikwa kwenye boksi la diski: megabaiti 3,500 kwa sekunde, hata 7,000. Namba hiyo ni ya diski ikiwa ndani ya kompyuta. Ukiiweka kwenye kasha, anayeamua kasi ni USB.

Tupige hesabu. USB ya gigabiti 5 hupitisha takriban megabaiti 450 kwa sekunde. Ya gigabiti 10 hufika karibu 1,000. Kwa hiyo aliyenunua diski ya 7,000 na aliyenunua ya 3,500, wote wakiwa na kasha la gigabiti 10, watapata kasi ileile. Tofauti ya bei imekwenda bure. Lipo pia kasha la gigabiti 20, lakini kompyuta nyingi hazina tundu la aina hiyo, na hapo kasi hushuka hadi 10.

Waya nao una neno. Nyaya nyingi za kuchajia simu hubeba data kwa kiwango cha USB 2.0, yaani karibu megabaiti 40 kwa sekunde. Mzigo wa gigabaiti 100 ambao ungehamishwa kwa dakika nne hivi kwenye gigabiti 5 utachukua zaidi ya dakika 40. Mteja atalaumu diski, kumbe kosa ni la waya.

Kuna mengine mawili. Diski za SATA na za NVMe hufanana kwa umbo, lakini kasha la NVMe pekee halitaisoma ya SATA. Soma lebo, usitegemee macho. Pia NVMe hupata joto. Ikizidi, hujipunguzia kasi yenyewe. Kasha la alumini lenye pedi ya kupitisha joto linafaa kuliko la plastiki tupu.

Kwa mwenye duka mtaani, haya ni usumbufu mdogo: mteja atarudi kesho abadilishiwe. Kwetu tunaopita Namanga, Mutukula au Rusumo, ni hasara. Dhamana ya duka haivuki mpaka kirahisi. Nauli ya kurudisha kasha moja inaweza kuzidi bei ya kasha lenyewe, na mteja uliyemwahidi kasi ya 7,000 hatakusubiri.

Wapo watakaosema ni heri kununua diski ya kasi kubwa kwa ajili ya kesho. Ni kweli, kama kesho hiyo diski itawekwa ndani ya kompyuta. Kama itabaki kwenye kasha ikitunza hesabu za duka, picha za bidhaa na nakala za nyaraka za forodha, diski ya kawaida na kasha la gigabiti 10 vinatosha. Fedha inayobaki inunue diski ya pili ya kuweka nakala.

Maoni yangu ni kwamba tuache kuuziana namba ya boksi. Muuzaji aandike kwenye risiti mambo matatu: diski ni NVMe au SATA, kasha ni la gigabiti ngapi, na waya ni wa gigabiti ngapi. Mnunuzi naye, kabla ya kutoa fedha, aombe faili la gigabaiti 10 au zaidi linakiliwe mbele yake, apime muda, kisha alifungue aone kama ni zima. Ni kazi ya dakika chache, na haihitaji fundi.

Soko la Afrika Mashariki linatutaka tuaminiane na watu ambao pengine hatutaonana nao tena. Risiti yenye namba za kweli ndiyo dhamana pekee ambayo mteja anaweza kuvuka nayo mpaka.